Bibi Shamba Aliyetufuata Vijiweni

Ofisi alikuwa nayo. Ipo hadi leo, chumba kimoja nyuma ya jengo la kata, na dirisha lake linatazama migomba ya shule. Ndani kulikuwa na meza, bango la magonjwa ya kahawa lililofifia mpaka magonjwa yote yakawa rangi moja, na kiti ambacho nadhani alikikalia siku ya kuripoti tu. Aliyemtaka Bibi Shamba wa Akheri hakuanzia ofisini. Aliuliza kwanza kijiwe cha bodaboda pale njia panda, kisha kwenye meza ya pool nyuma ya duka la dawa za mifugo, kisha saluni kwangu. Kama hayuko kote huko na ni Jumapili jioni, basi yuko uwanjani, amekaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, na kocha ameshachoka kumwambia ahame.

Jina lake tulilijua lakini hatukulitumia. Aliyemtangulia alikuwa mwanamume na tukimwita Bwana Shamba, kwa hiyo yeye alipokuja akawa Bibi Shamba, ingawa wakati ule hakuwa na mjukuu hata mmoja. Alituambia mapema kwamba bibi hapo ni cheo, si umri, na kwamba atakayemchukulia kama bibi wa kupikiwa uji atajuta. Alikuwa mwanamke mnene wa wastani, mwenye hereni kubwa na buti za mvua za njano alizovaa hata kiangazi. Alipewa pikipiki ya serikali ambayo ilizimika kila ilipoona kilima, na Akheri yote ni kilima. Hivyo tulizoea kumwona akiisukuma, buti za njano zikipanda taratibu kati ya mifereji na migomba, huku akisalimia kila mtu kama vile kusukuma ndiko alikokusudia tangu asubuhi.

Mimi nilikutana naye kwa sababu ya nywele. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote, basi mama mdogo akanisaidia kufungua kibanda cha saluni pale njia panda. Kilikuwa na viti vya plastiki, kioo chenye ufa na redio. Alikuja kusuka mistari, akakaa, akainamisha kichwa, akanyamaza. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa anasikiliza, na ndivyo alivyofanya kila alipokuja. Kwa utaratibu wake mwenyewe, saluni hakuanzisha kamwe habari za mazao. Alingoja mpaka mmoja wetu alalamike kwamba vitunguu sokoni Tengeru vimepanda bei, au kwamba mboga ya mnafu siku hizi una matundu matundu, ndipo aulize swali moja dogo, la upole, kama mtu asiyejua kitu. Kufikia jioni ungekuta wasichana wazima, wenye rasta nusu kichwa, wanabishana kuhusu nafasi kati ya mche na mche.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anahangaika kuzunguka hivi badala ya kuitisha mkutano kama wenzake. Alisema akiitisha mkutano wanakuja baba zetu, na baba zetu ameshawafundisha vya kutosha. Wanamsikiliza kwa adabu, wanamshukuru, wanampa mkungu wa ndizi wa kwenda nao nyumbani, halafu wanarudi kufanya vilevile walivyofanya mwaka jana. Akasema anataka watu ambao bado hawajaamua.

Nikamwambia sisi tumeshaamua pia. Tumeamua hatulimi.

Akainua kichwa, sega langu likaning'inia kwenye nywele zake. "Shuleni ukichelewa ulipewa adhabu gani?"

"Kulima," nikasema.

"Ukipiga kelele darasani?"

"Kulima."

"Ukifeli hesabu?"

Wasichana waliokuwa wanangoja zamu wakaanza kucheka, maana wote tulisoma shule ileile na bustani ya mwalimu mkuu tuliijua vizuri kuliko jedwali la kuzidisha.

"Basi mimi kazi yangu ni hiyo," akasema, akiinamisha kichwa tena. "Miaka yote mmefundishwa kwamba jembe ni la mkosaji. Mimi nimekuja kuwatoa kifungoni, halafu nawaomba mchukue jembe kwa hiari. Ndiyo maana sina haraka. Suka hapo nyuma pasilegee."

Ya uwanjani yalianza hivyohivyo, bila kutangazwa. Timu yetu ya vijana ilicheza Jumapili baada ya ibada, na mapumziko wachezaji walikaa kwenye nyasi wakila machungwa. Bibi Shamba akamwomba nahodha ampe huo muda wa mapumziko. Nahodha, ambaye siku za kazi alikuwa bodaboda na alishambeba mara nyingi pikipiki yake ikiwa imegoma, alikubali kwa sharti moja: mwamuzi akipuliza filimbi, anyamaze hata kama yuko katikati ya neno. Naye akalishika sharti hilo kuliko sisi tulivyotegemea. Siku ya kwanza alikuja na jani la nyanya lililoliwa na kantangaze, yule mdudu mdogo anayetoboa majani na matunda mpaka shamba zima linakauka kama limechomwa moto. Alilipitisha jani mkono kwa mkono, akaanza kueleza kwamba mdudu huyu dawa peke yake haimwezi, ni lazima kwanza, na filimbi ikalia. Akafunga mdomo, akaenda kukaa kwenye benchi. Kipindi chote cha pili watu walimfuata mmoja mmoja kumuuliza ni lazima kwanza nini. Winga wa kushoto alimuuliza akiwa mchezoni, mpira ukampita, tukafungwa.

Nilipoyafikiria baadaye niliona kwamba alikuwa akipima muda makusudi, afike mahali pazuri filimbi imkute. Nilimuuliza, akakataa kabisa, akacheka mpaka hereni zikatikisika.

Kuna siku walikuja wageni kutoka mradi fulani wa mjini waliotaka kuona vijana wakishirikishwa. Walikuwa wameandaa ukumbi, maji ya chupa na bango refu. Bibi Shamba akawaambia vijana hawatakuja ukumbini, lakini wao wageni wanakaribishwa uwanjani. Wakaja na viatu vyao vizuri. Mkubwa wao akapewa mapumziko azungumze, na alizungumza vizuri tu, ila filimbi ilipolia akaendelea. Ikalia tena, akainua mkono kuomba dakika. Mwamuzi wetu, fundi cherehani asiye na mzaha hata harusini, akamwendea akamwonyesha kadi ya njano. Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mgeni naye, kwa bahati, alikuwa mtu mwenye moyo mwepesi. Akaipokea kwa kuinama kama mchezaji, akatoka nje ya mstari. Aliporudi mara nyingine alikaa benchi la akiba pamoja na Bibi Shamba na akawa mtu wetu.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na mambo yake. La kwanza, alikuwa anaogopa viwavi. Mwanamke aliyesomea kilimo, aliyezunguka mashambani maisha yake yote ya kazi, alikuwa akiona kiwavi anarudi nyuma hatua kadhaa na kutoa maelezo kutoka huko. Aligeuza majani kwa kijiti kirefu. Sisi tulidhani ni utaalamu, kwamba wadudu hawashikwi ovyo, mpaka siku kiwavi mmoja wa mahindi alipomdondokea begani na tukamsikia akimwita Mungu kwa Kimeru, Kiswahili na Kiingereza. Vijana wa kijiwe walimtania kwa muda mrefu. Hakukasirika. Alisema daktari si lazima apende malaria.

La pili, nyumbani kwake Moshono hapakuwa na kitu cha kijani. Nilikwenda kumsuka kwa ajili ya sendoff ya binti yake, na nilipofungua geti nilitegemea bustani kama ile ya kwenye mabango. Nikakuta saruji. Kibarazani palikuwa na vyungu vya maua yaliyokufa zamani, na sebuleni maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi vizuri. Sukuma wiki alinunua gengeni kama watu wengine wa mjini. Nilishindwa kujizuia nikamuuliza. Akasema akitoka kazini hataki kumkuta nyumbani mtu mwingine mwenye kiu.

Na alikuwa mkaidi. Ndiyo, hapo ndipo inabidi nieleze habari ya sungura.

Alikuwa amesikia mahali, kwenye semina, kwamba sungura wana soko. Kwamba hawahitaji eneo kubwa, wanakula majani, wanazaa haraka, na kuna watu mjini wanawanunua. Kwa vijana wasio na ardhi, aliona ni jambo lililoshuka kutoka mbinguni. Wachache wetu tulimuuliza hao wanunuzi ni akina nani. Alisema watakuja. Tukauliza wamewahi kuja wapi. Alisema tuache kuwa kama baba zetu. Basi tukajenga mabanda kwa mabanzi na waya, mimi nikajenga langu nyuma ya saluni, na sungura wakatimiza sehemu yao ya makubaliano kwa uaminifu mkubwa. Walizaa. Wakazaa tena. Wanunuzi hawakuja. Sungura walitoroka wakaingia kwenye maharage ya watu, wakaonekana kanisani wakati wa mazoezi ya kwaya, na mzee mmoja alimkamata mmoja chini ya kitanda chake. Nyumbani kwetu, baba, ambaye ni mzee wa usharika na mtu wa maneno machache, alitazama sahani yake akauliza kama tumesahau kwamba kuna vyakula vingine.

Tulicheka baadaye. Wakati ule hatukucheka. Kuna vijana walikuwa wamewaomba mama zao kuku wauzwe ili wanunue waya, na mama zao hawakunyamaza. Pale kijiweni jina la Bibi Shamba likawa mzaha mchungu. Wiki nzima hakuonekana, tukadhani ameomba uhamisho.

Jumapili akaja uwanjani akisukuma pikipiki. Mapumziko yalipofika hakuna aliyemsogelea, wachezaji walikaa na machungwa yao wakiangalia upande mwingine. Akaingia katikati ya uwanja peke yake. Hakueleza habari za semina wala hakumtaja aliyemwambia. Alisema, "Mliniuliza wanunuzi ni nani, mimi nikawajibu kwa ukali kwa sababu sikuwajua. Nilikosea. Kuanzia leo nikiwaletea kitu, mniulize nani ananunua, na nisipomtaja mtu kwa jina, mnifukuze." Kisha akasema yuko tayari kununua sungura wa kula yeye mwenyewe, kila wiki, mpaka waishe au yeye aishe. Wakati huo alikuwa bado hajamaliza muda wake, lakini hakungoja filimbi. Akaondoka akaenda kukaa.

Nahodha alikuwa wa kwanza kumfuata na chungwa.

Nadhani ndiyo siku aliyotupata kweli. Katika maisha yetu tulikuwa tumesikia watu wazima wengi wakitufundisha, na wengi wakitugombeza, lakini mtu mzima akisimama mbele ya vijana kusema nilikosea, hiyo tulikuwa hatujaiona nyumbani, shuleni wala kanisani. Tangu hapo kila alipokuja na wazo, watu kumi walimkatiza kwa pamoja: nani ananunua? Naye alifurahi kukatizwa. Ilikuwa kama wimbo.

Lakini mnunuzi hata akipatikana, utapanda wapi? Hilo ndilo lililokuwa jiwe njiani. Kwetu ardhi ni ndogo, kihamba, shamba la ukoo, ni cha baba, na baba akiwa hai kihamba hakiguswi. Akifa kinakwenda kwa wana wa kiume. Mimi nina kaka wawili, mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine anaendesha magari ya watalii, na hakuna kati yao aliyewahi kutamani kuona shina la mgomba. Hata hivyo sehemu zao zilijulikana. Yangu ilikuwa ni kuolewa.

Bibi Shamba alikuwa ameamua kwamba mimi nitabebesha miche ya parachichi. Sababu yake ilikuwa vidole. Alisema mtu anayeweza kushika nywele tatu nyembamba na kuzisuka bila kutazama, huyo anaweza kuunganisha kikonyo na shina. Safari hii mnunuzi alimtaja kabla sijauliza: wakulima wa juu kule walikuwa wakihangaika kutafuta miche ya parachichi za kusafirisha, na alinipeleka nikaongea nao mwenyewe. Kazi yenyewe nilijifunzia saluni, wateja wakiwa wachache. Unaotesha mbegu ya parachichi ya kienyeji, mche ukikaza unaukata kichwa, unaupasua katikati, unachonga kikonyo cha parachichi nzuri kama kabari, unakichomeka, unafunga kwa ukanda wa nailoni, unangoja. Ya kwanza ilikufa yote. Alikuja akaiangalia, akajaribu fundo langu kwa kidole.

"Umelegeza," alisema. "Umeuonea huruma mti. Mbona vichwa vya watu huvionei huruma? Mimi natoka hapa macho yamevutwa mpaka mume wangu ananiuliza kama nimehamia China."

Nikafunga kama ninavyosuka. Ikashika. Asubuhi niliyoona chipukizi la kwanza, jekundu kidogo na laini kama ulimi wa ndama, nilifunga saluni nikakimbia na mche mkononi kumtafuta, nikapita kijiwe, nikapita meza ya pool, na kila niliyempita alidhani nimepatwa na msiba.

Nyuma ya saluni mbuzi wa jirani walikuwa wameanza kuonja miche. Ilibidi ihamie mahali. Hapo Bibi Shamba akafanya jambo ambalo hata leo sijui niliite nini. Alikwenda kwa baba yangu, rasmi, na shikamoo yake, akamwomba ampe hifadhi ya miche chini ya migomba yake, kwa muda. Hakusema ni ya nani. Baba akamwona mtu wa serikali ameomba kivuli, na baba hawezi kumnyima mgeni kivuli. Miche ikaja. Mimi nikawa naitembelea jioni, nikijifanya nimetumwa na Bibi Shamba.

Miezi ikapita na muda haukuisha. Nikaanza kugundua kwamba nikifika jioni naikuta imeshamwagiliwa. Siku nyingine nikakuta uzio wa miti ya mibono umejengwa kuzuia kuku. Nikamwona baba siku moja kwa mbali, amechuchumaa katikati ya miche, anagusa vifundo vyangu vya nailoni kimoja kimoja, kama mtu anayesoma.

Baba alijua kwamba ni yangu kwa sababu ya mteja. Mzee mmoja kutoka kijiji cha juu alifika nyumbani, akauliza yule binti wa miche yuko wapi. Baba akamwambia hapa kuna miche ya serikali tu. Yule mzee akasema hapana, serikali haifungi vizuri hivi, hii ni ya yule msusi wa njia panda.

Kesho yake baba akamwita Bibi Shamba. Akamwita na baba mdogo, jambo lililonitisha, kwa sababu kwetu baba akimwita ndugu yake akae, ni shauri kubwa. Mama alipika loshoro, mahindi na maziwa mgando, wakala taratibu bila mazungumzo ya maana. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Walipomaliza, baba akanawa, akajifuta, akamtazama Bibi Shamba.

"Mama, umenidanganya."

"Nimekudanganya, mzee," alisema Bibi Shamba. "Ningekuomba sehemu kwa ajili ya binti yako ungekataa."

Baba akafikiri. "Ningekataa," akakubali.

Baba mdogo akakohoa. Baba akasema miche ile ihamishwe pale ilipo. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nani wa kuniazima mkokoteni. Kisha akaendelea kwa sauti ileile, kama anayetoa maelekezo ya kupeleka maziwa. Pale kivuli kimezidi, alisema. Miche inarefuka bila kunenepa. Ihamishiwe kule chini, karibu na mfereji, kwenye ile kahawa ya zamani. Akamgeukia baba mdogo: "Wewe umesikia. Pale ni pake. Mimi nisipokuwepo, ndugu zake wakiuliza, utasema ulikuwepo."

Kahawa ile aliipanda na baba yake. Ilikuwa imeacha kuzaa sawasawa, lakini kila mwaka aliipogoa, na tulijua haizungumzwi. Aliing'oa mwenyewe. Tulitaka kusaidia akatukataza, akafanya kazi ile siku baada ya siku, shina kwa shina, na kuni zake hakuziuza. Siku ya mwisho aliniita, akanipa jembe, akaondoka kwenda kukamua ng'ombe. Nililia pale mferejini peke yangu, kisha nikaanza kuchimba.

Baadaye, kama ilivyo kawaida ya wazee, habari ikageuka. Nilimsikia baba akiwaambia wageni baada ya ibada kwamba yeye ndiye aliyemwita Bibi Shamba kwa sababu aliona mapema kwamba parachichi zina wakati wake. Nilimpelekea Bibi Shamba habari hiyo nikitegemea atakasirika. Akapiga makofi kwa furaha. Alisema hayo ndiyo matokeo mazuri kuliko yote, mtu anapodai wazo ni lake. Nikamuuliza kama hakuona haya kumdanganya mzee wa usharika. Akasema yeye aliomba hifadhi kwa muda, na mzee hakuuliza muda gani.

Si wote tuliofika mahali. Kuna waliokwenda machimboni Mererani na hatukuwaona tena, na kuna waliolima nyanya msimu mmoja, mvua ikawapiga, wakarudi kwenye bodaboda zao. Hao hakuwasema vibaya. Aliyeondoka aliagwa kama anayekwenda kusoma, na aliyerudi aliulizwa amejifunza nini huko. Mmoja alirudi kutoka machimboni akiwa anajua pampu za maji kuliko mtu yeyote wilayani, na leo pampu za umwagiliaji zikigoma, kutoka kwetu mpaka tambarare huko chini, anaitwa yeye. Winga wa kushoto anauza miche ya nyanya kwenye trei na bado hazuii mpira.

Alipostaafu tulimwandalia sherehe uwanjani. Alilia, akatuaga, akasema sasa anakwenda Moshono kupumzika, asitafutwe. Tulimwamini. Kijana aliyechukua nafasi yake ni mpole, ana simu nzuri na kundi letu la WhatsApp analijibu haraka, nasi tunampenda. Mwaka ukapita bila kumwona Bibi Shamba.

Kisha nikaenda Sakina, kwa mafundi wa kuchomelea walio kando ya barabara ya Nairobi, nikitafuta mtu wa kunitengenezea toroli la kubebea miche. Katikati ya cheche na kelele za mashine ya kukatia vyuma, nikamwona amekaa juu ya tairi kuukuu, amejifunga kanga, amezungukwa na vijana wenye mafuta mikononi. Mbele yao palikuwa na dude la chuma lenye mdomo mpana na visu ndani. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba bila mshangao, kana kwamba tulikuwa tumeagana jana, akasema nimechelewa.

Dude lile lilikuwa la kukatakata mashina ya migomba yawe chakula cha ng'ombe. Kupumzika kulikuwa kumemshinda, alikiri. Alipita hapo kutengenezewa geti, akawakuta hawa vijana wanatengeneza madirisha ya aina moja asubuhi mpaka jioni, wamechoka nayo, wana akili nyingi zimekaa tu. Wamejenga mashine kwa furaha kubwa, lakini ikipewa mgomba inasaga kidogo, inajifunga, inanyamaza. Hakuna kati yao aliyewahi kukata mgomba. Wamekulia hapohapo mjini.

"Huyu ni mtaalamu wangu kutoka Akheri," akawaambia. "Mwulizeni."

Nikataka kukanusha, lakini kijana mmoja mwenye miwani ya kuchomelea aliyoipandisha kwenye paji la uso alikuwa ameshaniamkia. Shikamoo. Niligeuka kuona nani nyuma yangu ameamkiwa. Hapakuwa na mtu. Nikaitikia marahaba kwa mara ya kwanza kwa kijana mwenye ndevu, na Bibi Shamba akacheka mpaka akashika ubavu.

Wakaniuliza mgomba una ugumu gani, kama mbao au kama muwa. Nikasema si kama mbao wala kama muwa, mgomba ni maji na nyuzi. Maji si tatizo. Nyuzi ndizo zinazojizungusha kwenye ekseli mpaka mashine inasonga. Mama yangu hukata kwa panga vipande vifupi kwa upande wa mapana, hachani kwa urefu, kwa hiyo visu vyao labda vinakutana na shina vibaya. Yule wa miwani akapiga magoti, akachungulia ndani ya mdomo wa chuma. Mwenzake akasema ina maana waligeuze kabisa. Wa tatu akasema hapana, walilaze. Wakaanza kubishana, na mmoja akaniuliza kama ninaweza kuwaletea mashina halisi, nikasema kwa nini niwaletee, njooni nyumbani mkate wenyewe, ng'ombe wa baba watawaambia kama mmepatia.

Niligeuka kumwomba Bibi Shamba aongezee. Tairi lilikuwa tupu. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye banda la mitumba, amenipa mgongo, anajaribu kofia mbele ya kioo. Nilimwita. Hakugeuka, na sidhani ni ngurumo za mabasi ya Nairobi zilizomzuia kusikia. Nikamwita tena, akaweka kofia chini, akachukua nyingine.

Vijana walikuwa wananingoja. Nikalivuta lile tairi karibu, nikakaa, nikawauliza kila mmoja kwao kunafugwa nini.